Naishi Spokane: je, naweza kuuza magazini za bastola yangu?

SWALI

Wakili, salamu nyingi kutoka Spokane, jimbo la Washington. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, nina ukaazi wa kudumu hapa Marekani. Mwaka 2020 nilikuwa mlinzi wa usiku kwenye maghala, nikanunua bastola aina ya Glock 17 na magazini 5 (vile vikasha vya kujazia risasi), kila moja inaingia risasi 17. Siku hizi nafanya kazi hospitalini, na mama watoto hataki tena silaha ndani ya nyumba. Binamu yangu anayeishi Post Falls, ng'ambo ya mpaka wa Idaho, yuko tayari kununua vyote. Jirani yangu wa hapa Spokane anataka magazini tu, na ananipa bei nzuri kuliko binamu kwa sababu anasema madukani hazipatikani tena. Rafiki mmoja kanishauri nimpe jirani bure niite zawadi, hela aje anipe siku nyingine. Duka nililokwenda walikataa hata kuzigusa. Na kuna kijana kwenye kundi letu la WhatsApp anasema sheria ya jimbo inayozuia kuuza magazini kubwa mahakama ilishaifuta. Mwakani nataka kuomba uraia. Nifanye nini?

JIBU

Kaka, nianze na yale yasiyongoja. Magazini hizo usimuuzie jirani, usimpe bure, na usiweke picha zake kwenye kundi lolote kuuliza nani anazitaka. Kuwa nazo nyumbani kwako si kosa. Kosa linaanza pale unapotaka zitoke mikononi mwako ziende kwa mkazi mwingine wa Washington. Na kwa kuwa hujawa raia, jambo ambalo kwa jirani yako lingeishia kwenye faini, kwako linaweza kufungua jalada la uhamiaji. Njia halali ya kuziuza ipo. Inapita kwenye duka la silaha lenye leseni, na mnunuzi lazima awe mkazi wa nje ya jimbo. Binamu yako anaweza kuwa mnunuzi huyo, ila si kwa namna mlivyopanga.

Sheria yenyewe ilitiwa saini na Gavana Jay Inslee tarehe 23 Machi 2022, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai mwaka huohuo. Seneta Marko Liias aliipigania kwa miaka kadhaa baada ya vijana watatu kuuawa kwa bunduki kwenye sherehe ya nyumbani huko Mukilteo, Julai 2016. Inasema hakuna mtu ndani ya jimbo hili kutengeneza, kuingiza, kusambaza, kuuza wala kutangaza kuuza magazini inayoweza kupokea risasi zaidi ya 10. Kumiliki hakumo kwenye orodha hiyo. Ndiyo maana magazini zako za mwaka 2020 hazikugeuka haramu usiku wa kuamkia Julai 2022. Huhitaji kuzisajili popote, huhitaji kibali, na polisi akizikuta kwenye kabati lako hajakuta kosa kwa sababu tu ya ukubwa wake.

Watu wengi wanaishia hapo, wanafurahi kwamba "si kosa kuwa nazo", wala hawasomi maneno yale mengine yanabeba nini. Nakuomba tuyasome pamoja, maana mengi ya maswali yako yanajibiwa humo.

Rafiki yako aliyekushauri kuita zawadi amekushauri vibaya. Kusambaza, kwa tafsiri ya sheria hii, ni kumpa, kumpatia au kumfikishia mtu yeyote aliyemo jimboni, kwa malipo au bila malipo. Bunge la jimbo liliona mapema kwamba watu watauza wakiita zawadi, likaziba mlango huo. Ukimpa jirani magazini leo na yeye akakutumia dola kwa simu wiki ijayo, umeuza. Asipokutumia hata senti, umesambaza. Adhabu ni ileile. Hata kumwachia akae nazo "kwa muda" kunaweza kusomwa hivyohivyo, kwa hiyo na kuazimana nako kuache.

Kutangaza kuuza ni kosa linalojitegemea, halisubiri biashara ikamilike. Ujumbe mmoja kwenye kundi la jumuiya, wenye picha na bei, ni ushahidi uliouandika mwenyewe kwa mkono wako, una tarehe na namba yako ya simu. Na usidhani hakuna anayeangalia. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo ilishatuma wapelelezi madukani wakijifanya wanunuzi wa kawaida, na waliouza walishtakiwa. Mbali na kosa la jinai, sheria hii inahesabu mauzo hayo kuwa ukiukaji wa sheria ya kumlinda mlaji, na hapo faini za madai zinahesabiwa kwa kila kosa. Hiyo ndiyo sababu duka ulilokwenda walirudisha mikono nyuma. Usiwachukie. Wana leseni ya kulinda, na wewe uliingia ukiwa na mzigo ambao wengi hawataki kujaribu nao bahati.

Neno la kuingiza linawahusu zaidi ndugu zako kuliko wewe, lakini nalisema kwa sababu najua jamaa zetu wanavyohama kati ya Boise na Spokane kufuata kazi. Anayetoka Idaho kuja kuishi Washington haruhusiwi kuja na magazini zake kubwa, hata kama alizinunua kihalali kabisa na amekaa nazo miaka. Kuvuka nazo mpaka ndilo kosa. Wewe unayeishi huku unaweza kutoka nazo kwenda kulenga shabaha Idaho na kurudi, ilimradi unarudi na zilezile ulizoondoka nazo. Ukirudi na moja mpya uliyonunua duka la Coeur d'Alene, umeingiza. Magazini hazina namba ya pekee kama bastola, kwa hiyo risiti yako ya mwaka 2020 ina thamani kuliko unavyofikiri. Itafute. Kama ulilipa kwa kadi, benki huenda ikakupatia taarifa ya malipo hayo.

Kwa wengi wetu jambo hili linachanganya kwa sababu tumetoka kwenye nchi ambako sheria ya silaha ni moja nchi nzima. Kenya, kwa mfano, masharti ya leseni ni yaleyale ukiwa Mombasa au Kisumu. Marekani ilikuwa na kikomo cha taifa cha risasi 10 kwa magazini mpya, kilichoanza Septemba 1994, kikafika mwisho wake Septemba 2004 bila kuongezwa. Tangu hapo kila jimbo linajiamulia. Colorado kikomo ni 15, Delaware 17, Illinois 10 kwa bunduki ndefu na 15 kwa bastola. Maryland wanazuia kuuza bila kuzuia kumiliki, kama Washington. New Jersey na Rhode Island wanazuia hata kumiliki. Idaho hawana kikomo. Magazini yako ileile, bila kubadilika hata uzi, ni halali, nusu halali au haramu kutegemea uko jimbo gani. Kwa hiyo ushauri wangu huu ni wa Washington. Mtu wa Colorado au Illinois asiuchukue kama ulivyo.

Sasa huyo kijana wa WhatsApp. Hajatunga. Amesikia nusu ya kwanza ya habari. Tarehe 8 Aprili 2024 jaji wa kaunti ya Cowlitz, kwenye kesi ya jimbo dhidi ya duka la Gator's Custom Guns la mjini Kelso, aliamua kwamba sheria inavunja katiba na akaamuru isitumike. Habari ilisambaa kama moto, watu wakakimbilia dukani. Siku hiyohiyo, kabla jua halijazama, Mahakama ya Juu ya jimbo ikasimamisha amri ile. Kisha tarehe 8 Mei 2025 mahakama hiyohiyo ikatoa uamuzi kamili, majaji 7 dhidi ya 2: sheria ni halali. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba magazini kubwa si "silaha" kwa maana inayolindwa na katiba, ni kifaa cha ziada, na bunduki inafanya kazi bila hiyo. Mtu anaweza kuipinga hoja hiyo, na majaji wawili waliipinga, lakini kwa anayeishi Spokane ndiyo inayotawala.

California walipitia hali inayofanana mwaka 2019. Jaji mmoja wa shirikisho aliifuta sheria ya jimbo mwishoni mwa Machi, watu wakanunua kwa wiki moja hivi, kisha uamuzi ukasimamishwa. Kesi ilizunguka miaka, na Machi 2025 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa 9, ambayo mamlaka yake yanafika hadi Washington, ikakubaliana na jimbo. Wapinzani wa sheria hizi hawajanyamaza, na wanazipeleka mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani. Inawezekana siku moja mambo yageuke. Siku hiyo ikifika utauza kwa amani. Kinachoangaliwa mahakamani ni sheria iliyokuwepo siku ulipouza, na kusema "nilisikia imefutwa" hakukutoi kwenye kosa.

Twende kwenye njia halali, ambayo watu wengi hawaijui na hata baadhi ya wauzaji hawaitumii.

Sheria ina msamaha kwa maduka yenye leseni ya shirikisho na ya jimbo. Duka linaruhusiwa kupokea magazini kubwa kutoka kwa mtu anayezimiliki kihalali, yaani mtu kama wewe, kwa lengo la kumuuzia au kumhamishia mtu asiyeishi Washington. Basi. Neno linalobeba msamaha wote ni hilo la mwisho, makazi ya mnunuzi. Jirani yako hawezi kuingia hapa hata apite dukani. Binamu yako wa Post Falls anaingia.

Kwa hiyo pigia simu maduka kadhaa ya Spokane kabla hujabeba chochote. Usiulize "mnanunua magazini?" kwa sababu utapata jibu lile la kwanza. Sema hivi: nina bastola na magazini za risasi 17 nilizonunua 2020, nina mnunuzi mkazi wa Idaho, je, mnaweza kuzipokea na kuzihamishia kwake kupitia duka la upande wao? Wenye uzoefu wa kusafirisha silaha nje ya jimbo watakuelewa mara moja. Wengine watakataa, na wana haki. Ukipata atakayekubali, bastola na magazini vitatoka kwake kwenda duka la Idaho. Binamu ataenda pale na kitambulisho chake, atajaza fomu ya shirikisho namba 4473, ataangaliwa rekodi zake, kisha atachukua vyote. Mtalipa ada mara mbili, huku na kule. Bei ya jirani itaonekana tamu zaidi ukilinganisha. Lipa ada.

Swali utakaloniuliza ni hili: kwa nini nisiendeshe tu nusu saa hadi Post Falls, nimpe binamu mkononi, wakati Idaho hawana kikomo? Kwa magazini peke yake unaweza kubishana kwamba mauzo yamefanyika Idaho, ingawa mazungumzo na ahadi mmevifanya ukiwa umekaa sebuleni Spokane, na hapo jimbo litakuuliza ulitangaza kuuza ukiwa wapi. Kwa bastola hakuna ubishi. Sheria ya shirikisho inamkataza mtu asiye na leseni kumhamishia silaha mtu asiye na leseni anayeishi jimbo jingine. Undugu hausaidii, na zawadi haisaidii. Ni kosa kubwa la shirikisho, kifungo hadi miaka 5. Watu wema kabisa wameingia humo kwa kudhani wanampa ndugu yao kitu chao.

Ukiamua kuuza bastola kwa mtu wa Washington, nayo ina masharti yake. Tangu wapiga kura walipopitisha Pendekezo 594 mwaka 2014, karibu kila mauzo ya silaha kati ya watu binafsi lazima yapite kwa duka lenye leseni, mnunuzi akaguliwe. Tangu Januari 2024 mnunuzi anasubiri siku 10 za kazi. Na kuanzia tarehe 1 Mei 2027 atahitaji kibali cha kununulia. Bastola yenyewe inaweza kwenda kwa mkazi wa Washington kwa utaratibu huo, lakini iende bila magazini za 17. Anayetaka atanunua za risasi 10, zinatengenezwa kwa ajili ya bastola hiyohiyo.

Nimeacha jambo la uraia hadi sasa kwa sababu ndilo linalonifanya nikuandikie kwa urefu.

Kuvunja sheria ya magazini Washington ni kosa la daraja la kati. Liko juu ya makosa madogo na chini ya makosa makubwa, na kikomo chake ni siku 364 jela na faini ya dola 5,000. Hiyo 364 ina historia. Hadi mwaka 2011 kikomo kilikuwa mwaka mzima. Bunge la jimbo likapunguza siku moja kwa makusudi, kwa sababu kwenye sheria ya uhamiaji adhabu ya mwaka mmoja ilikuwa inawaangusha watu wenye ukaazi wa kudumu kwa makosa ambayo raia alikuwa analipia faini tu. Walifanya jambo la kibinadamu. Lakini siku hiyo moja haikukingi kwenye mambo ya silaha.

Sheria ya uhamiaji ina kifungu cha silaha kinachosimama peke yake. Mtu asiye raia akitiwa hatiani kwa kununua, kuuza, kutangaza kuuza, kubadilishana, kutumia, kumiliki au kubeba silaha ya moto kinyume cha sheria yoyote, anaweza kuondolewa nchini. Kifungu hakiulizi alifungwa siku ngapi. Hakiulizi amekaa Marekani miaka mingapi, wala kama kosa lilikuwa dogo au kubwa. Maneno yake yanataja silaha, sehemu yake au kifaa chake.

Je, magazini peke yake inaingia humo? Kuna hoja nzuri ya kusema hapana. Tafsiri ya shirikisho ya silaha ya moto inazungumzia bunduki yenyewe, fremu yake, kifaa cha kuzima mlio na vitu vya kulipuka, wala haitaji magazini. Mimi ningeitumia hoja hiyo kwa nguvu zangu zote kama ungekuwa mteja wangu aliyeshtakiwa. Ila hoja hiyo inatolewa mbele ya jaji wa uhamiaji, wewe umeshaitwa, umeshalipa wakili, mama watoto halali usiku, na ombi la uraia limekaa kwenye rafu. Mchuma janga hula na wa kwao. Na bastola haina hata hoja hiyo: kuiuza mkononi bila ukaguzi wa dukani, hata kwa mtu mwema, ni kosa linalogusa silaha yenyewe.

Tena fomu ya kuomba uraia, N-400, haiulizi tu kama umewahi kukamatwa. Inauliza kama umewahi kutenda kosa ambalo hukukamatwa kwalo. Ukimuuzia jirani leo, mwakani utakaa mbele ya ofisa, umeapa, na utakuwa na njia mbili: kukiri kosa, au kudanganya chini ya kiapo. Hii ya pili ni mbaya kuliko ya kwanza. Sitaki ufike kwenye kiti hicho na mzigo huo kwa sababu ya magazini 5.

Nawasihi na wengine wanaosoma: kama umeshashtakiwa kwa jambo la silaha, mwambie wakili wako wa jinai siku ya kwanza kwamba wewe si raia. Mwaka 2010, kwenye kesi ya Padilla dhidi ya Kentucky, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja asiye raia hatari ya kuondolewa nchini kabla hajakiri kosa. Ni haki yako, idai. Usikubali kusaini makubaliano yoyote kwa kuwa umeambiwa "hakuna jela".

Pia jueni hadhi zetu haziko sawa. Wewe una ukaazi wa kudumu, kwa hiyo Washington inakuruhusu kumiliki silaha kama raia. Mkimbizi aliyefika mwaka jana na bado hajapata ukaazi wa kudumu anahitaji leseni maalumu ya jimbo ya wasio raia. Akishika bastola bila hiyo anafanya kosa kubwa. Mwenye viza ya mwanafunzi au ya matembezi, sheria ya shirikisho inamzuia kumiliki silaha na risasi, isipokuwa kwa misamaha michache kama leseni ya uwindaji. Kabla hujaenda mbali, muulize binamu hadhi yake. Akikuambia yuko kwa viza ya masomo, biashara yenu imeishia hapo.

Na kama duka halikupatikana, au binamu amekwama? Kubaki nazo ni halali, hakuna tarehe ya mwisho. Ukitaka ziondoke kabisa, kuna njia mbili za mikono.

Ya kwanza ni kuzibadilisha ziwe za risasi 10 kwa namna ya kudumu. Sheria inaitoa kwenye katazo magazini iliyobadilishwa moja kwa moja isiweze kupokea zaidi ya hapo. Ishike moja uiangalie: mwili wa plastiki ngumu wenye bati ndani, mgongoni matundu madogo yenye namba yanayoonyesha risasi zimefika wapi, chini bamba la kitako linaloteleza, ndani yake springi ndefu. Ukitumbukiza kipande cha plastiki chini ya springi na kurudisha bamba, umezuia risasi, lakini dakika moja baadaye mtu anakitoa. Hicho si cha kudumu. Mpelekee fundi wa bunduki afunge kwa ribiti au gundi ya epoksi isiyofunguka, na akuandikie alichofanya na tarehe. Gharama yake kwa magazini 5 inaweza kuzidi faida, hesabu kwanza. Kuna pia kinyume chake ambacho huwanasa watu. Bamba la kitako la kuongeza risasi mbili, likivishwa kwenye magazini halali ya 10, linaifanya ya 12, na vipande vinavyoweza kuunganishwa kuwa magazini kubwa vinahesabiwa kuwa magazini kubwa vikiwa kwa mtu mmoja. Ukiwa na vibamba vya namna hiyo kwenye droo, usiviuze mtandaoni ukidhani ni plastiki tu.

Ya pili ni kuziharibu. Kata mwili kwa msumeno wa chuma vipande viwili au vitatu katikati ya urefu, ponda mdomo wa juu, springi tupa kwingine. Piga picha kabla na baada, weka na risiti. Usizitupe nzima kwenye pipa la mtaani, maana mtoto au mwokota taka akizichukua hutajua ziliishia wapi. Polisi wa mji huweza kupokea silaha na vifaa ambavyo mtu hataki tena. Piga namba yao isiyo ya dharura kwanza, eleza, fuata watakavyokuelekeza. Usiingie kituoni na mfuko wenye bastola bila kuwaarifu, na hasa sisi tusiingie hivyo.

Wakati unasubiri duka likujibu, heshimu hofu ya mama watoto. Washington ina sheria, iliyotokana na Pendekezo 1639 la mwaka 2018, inayompa mwenye silaha hatia endapo ameiacha ovyo na mtoto au mtu asiyeruhusiwa akaipata na madhara yakatokea. Bastola iwe tupu ndani ya kasha la kufuli au sefu, risasi kwenye kasha jingine, funguo usizifiche juu ya kabati ambapo watoto wote wa dunia wanajua kutafuta. Siku ya kuipeleka dukani iwe tupu, ndani ya kasha lililofungwa, kwenye buti la gari.

Jirani mjibu kwa mdomo, kwa kifupi: haziuzwi. Usimwandikie maelezo marefu kwenye simu wala usimwahidi "tutaona baadaye". Kama ulishatuma picha au bei kwenye kundi, usifute chochote na usiongeze neno. Onana na wakili wa Washington anayejua jinai na uhamiaji pamoja, umwonyeshe ujumbe kama ulivyo, kabla hujajaza hata ukurasa mmoja wa N-400. Kama hujatuma, anza leo na simu kwa maduka, na risiti ya 2020 iwe mezani unapopiga.